Treni ya kwenda kazini na kurudi: je, inaweza kurejea kati ya Ruvu na Dar es Salaam?

MkaziWaSoga

Ndugu zangu, salaam. Naomba kuuliza jambo ambalo limenikaa kichwani tangu reli mpya ianze kubeba abiria, na ninawaomba wenye uelewa wa mambo ya reli wanijibu kwa hoja, si kwa ushabiki wa chama.

Ninaishi Soga, wilaya ya Kibaha, na kazi yangu iko Kariakoo. Naamka saa kumi alfajiri. Natoka kwa bodaboda mpaka barabara kuu ya Morogoro, napanda daladala mpaka Mbezi, kisha natafuta usafiri mwingine wa kuingia mjini. Siku njema nafika saa moja na nusu asubuhi. Siku ya mvua afadhali nisiseme. Wakati huo wote, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwangu, zinapita reli mbili: ile ya zamani ya upana wa mita moja waliyoijenga Wajerumani, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907, na hii mpya ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Kwa SGR, kutoka Soga mpaka Dar es Salaam ni kilomita 51, na treni ya kilomita 160 kwa saa ingezimaliza kwa dakika ishirini hivi kama isingesimama popote.

Marehemu baba yangu alikuwa akisimulia kwamba katika miaka ya sabini, mtu wa huku akitaka kwenda mjini aliuliza treni inapita saa ngapi. Habari ya gari ilikuja baadaye. Leo wajukuu wake wanaijua treni kama kitu cha kupungia mkono.

Ninachotaka kuelewa ni hiki: ile treni iliyokuwa ikisimama kila stesheni ndogo ikamchukua mkulima, mwanafunzi na karani, iliuawa na nini hasa? Na kama ingerejea, ingefaa ipite reli ipi kati ya hizi mbili? Nauli ya SGR kutoka Soga iliyotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, mwaka 2024 ni shilingi 4,000. Kwa anayekwenda na kurudi siku 26 za mwezi, hizo ni shilingi 208,000, na mshahara wangu hauwezi kuzibeba. Lakini sitaki kuilaumu SGR, treni ya kwenda mbali mpaka Dodoma, kwa kutokuwa treni ya Soga. Nauliza kama inawezekana kuwa na ya kwetu.

GadiMstaafu

Kijana wangu wa Soga, umeuliza swali ambalo sisi wa zamani tulikwisha kata tamaa ya kuulizwa, kwa hiyo utaniwia radhi nikiandika kwa kirefu.

Niliajiriwa mwaka 1974, wakati ule wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na nikastaafu nikiwa gadi. Sehemu kubwa ya maisha yangu niliipitisha katika behewa la nyuma, kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nikiwa na bendera mbili, firimbi na taa ya mafuta ya taa. Stesheni ambazo wasafiri wa leo hawazijui hata kwa majina, kama Kidugalo, Mikese na Kingolwira, mimi nilizijua kwa harufu ya mizigo yake. Palikuwa na mama mmoja wa Kidugalo aliyekuwa akipeleka maembe mjini. Tenga lake alilifunga kwa kamba ya mkonge yenye mafundo matatu yaliyopangwa pamoja, kwa sababu treni ilifika Dar kungali na giza, na alitaka alitambue kwa kulipapasa kati ya matenga mengine ishirini. Sikuwahi kusikia kwamba tenga la mama huyo limepotea. Huyo ndiye abiria unayemuulizia, na ukitaka kujua treni yake iliuawa na nini, nitakujibu kwamba haikuuawa siku moja.

Shirika la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, karakana kubwa ilibaki Nairobi. Sisi tulibaki na reli ndefu, vichwa vya treni vinavyozeeka, na vipuri vya kubahatisha. Sasa jiweke katika nafasi ya mpanga safari ambaye ana vichwa vinne na treni tano za kuvutwa. Treni ya Kigoma na Mwanza hawezi kuifuta, maana watu wa huko hawakuwa na barabara ya maana. Ya mizigo hawezi kuifuta, maana ndiyo inayoleta fedha. Anafuta ile fupi, akijiambia kwamba abiria wake watapata basi. Kesho yake anafanya hivyo hivyo. Treni ya karibu ikageuka kuwa stoo ya vipuri ya treni ya mbali: kichwa kikiharibika Tabora, kilichokuwa kinavuta treni ya huku ndicho kilichoitwa. Na abiria wa kwenda kazini, tofauti na wa safari ndefu, hasamehi. Anayekwenda Kigoma mara moja kwa mwaka atasubiri stesheni siku nzima akilalia mzigo wake, lakini anayetakiwa kazini saa moja na nusu, treni ikimwangusha mara tatu, hamuoni tena.

Mambo mengine yalikuja juu ya hilo. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yaliivunja reli ya kati vibaya, na mwishoni mwa 2009 maji yakaisomba tena upande wa Kilosa na Gulwe. Magenge ya mafundi wa njia, ambao walikuwa na nyumba zao kando ya reli na kila genge likitembea kipande chake kukaza nati na kurudishia kokoto, yakapunguzwa. Njia ikikosa genge, treni huamriwa kwenda taratibu. Ikienda taratibu, basi linaipita. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa miaka 25 kwa kampuni ya RITES ya India, yenye asilimia 51 dhidi ya 49 za serikali, na mkataba huo haukufika hata miaka mitano. Lakini wakati huo treni unayoiulizia ilikuwa imekwisha kufa siku nyingi. Wanaosema iliuliwa na ukodishaji wanahesabu kuanzia kwenye matanga.

Sasa swali lako la pili. Mimi ningeirudisha kwenye reli ya zamani, na ningeifanya ilale Ruvu. Naomba neno hilo la kulala ulishike. Ratiba zote tulizozoea hupangwa na mtu aliyeko Dar: treni inalala Dar, inaoshwa Dar, inaondoka Dar asubuhi. Treni ya namna hiyo inafika Soga wakati wewe umekwisha kuwa Kariakoo. Treni ya wafanyakazi lazima ilale kwao na kuamka kwao. Ruvu ni njia panda tangu mwaka 1963, pale reli ya kwenda Mnyusi ilipounganishwa na ile ya Tanga, kwa hiyo si kistesheni cha porini. Njia za kupishana zipo, na watumishi wa reli wanapajua. Kichwa kimoja na mabehewa sita yalale pale, dereva na gadi wapewe nyumba, na saa kumi na moja alfajiri waondoke. Tukichukua umbali huohuo wa kilomita 51, hata ikienda wastani wa kilomita 40 kwa saa pamoja na kusimama, kutoka Soga ungefika mjini kwa saa moja na robo. Linganisha na safari yako ya sasa.

Kokotoo

Namshukuru mzee kwa maelezo yake. Nitajazia upande wa nauli, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi hawakuligundua viwango vilipotangazwa.

Kiwango cha daraja la kawaida kilikuwa shilingi 69.51 kwa kilomita, kisha nauli ya kila stesheni ikakadiriwa kwa elfu iliyo karibu. Dodoma, kilomita 444, hesabu inatoa 30,862, ikawa 31,000. Morogoro, kilomita 192, hesabu inatoa 13,346, ikawa 13,000. Kwa msafiri wa safari ndefu, kupanda au kushuka kwa mia chache si kitu. Lakini Soga, kilomita 51, hesabu inatoa 3,545, na ikapandishwa kuwa 4,000. Pugu, kilomita 19, hesabu inatoa 1,321, ikateremshwa kuwa 1,000. Kwa hiyo mtu wa Pugu analipa kama shilingi 53 kwa kilomita, mtu wa Dodoma kama 70, na mtu wa Soga zaidi ya 78. Katika stesheni zote za kati ya Dar na Dodoma, Soga ndiyo yenye kilomita ghali kuliko zote! Hapana aliyeamua kumwonea. Ni elfu tu zimetafutwa. Lakini zile shilingi 455 za kukadiria, kwa anayekwenda na kurudi siku 26, ni shilingi 23,660 kila mwezi.

Sisemi kwamba nauli ikishushwa mpaka 3,500 tatizo litakwisha. Ninachoonyesha ni kwamba nauli hizo zilipangwa na mtu anayefikiria tiketi ya safari moja. Abiria wa kila siku anahitaji tiketi ya wiki au ya mwezi, na bei yake haitafutwi kwa kuzidisha kilomita. Inatafutwa kwa kuangalia anayemshindania, yaani daladala, anatoza kiasi gani.

Kuhusu njia, nakubaliana na mzee ingawa kwa sababu tofauti. SGR ni njia moja yenye sehemu za kupishana. Treni inayosimama Pugu, Soga na Ruvu ikitangulia mbele ya mchongoko, ile treni ya umeme ya mwendo kasi, unaokwenda Dodoma bila kusimama, ama ile ya mbele iingizwe pembeni isubiri, au ile ya nyuma ipunguze mwendo. Kinachokula nafasi ya reli zaidi ya wingi wa treni ni tofauti ya mwendo kati ya treni na treni. Pia utaratibu wa SGR wa kufika stesheni mapema, kuonyesha kitambulisho na kupitisha mizigo kwenye mashine ya ukaguzi unaeleweka kwa safari ya kilomita 444. Kwa safari ya dakika ishirini, kungoja kunazidi kusafiri.

WaRuiru

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Ninaandika kutoka Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, na ninaitumia treni kwenda kazini kwa mwaka wa saba sasa, kwa hiyo huenda ushuhuda wangu ukawafaa.

Kwetu treni za asubuhi na jioni hazikufa kabisa. Zilidhoofika, watu wakawa wananing'inia milangoni na wengine kukaa juu ya mabehewa, lakini laini za Ruiru, Kikuyu na Embakasi ziliendelea kupumua hata katika miaka ya Rift Valley Railways, kampuni iliyopewa reli mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25 na kunyang'anywa mwaka 2017. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika kupanuliwa mwaka 2012, wengi walitabiri kwamba treni ya Ruiru imekwisha. Haikuisha. Barabara pana ilileta nyumba nyingi, nyumba zikaleta magari, na baada ya miaka michache msongamano ukarudi palepale ulipokuwa.

Lakini jambo ninalotaka kulisema ni la Syokimau. Stesheni ile ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, na kilichoitofautisha na stesheni zetu za kale ni kwamba ilijengwa pamoja na eneo la kuegesha magari. Mtu aliacha gari lake pale na kuingia mjini kwa treni. Kituo kikuu cha SGR kilipowekwa upande huohuo mwaka 2017, abiria wa kutoka Mombasa nao wakaanza kuunganisha hapo kuelekea katikati ya jiji. Mwaka 2020 serikali ikaongeza treni za dizeli zilizokwisha kutumika, kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Hazikuwa mpya, na sioni aibu kulisema, kwa sababu abiria wa asubuhi haulizi treni ilizaliwa lini.

Sasa linganisheni na treni ya Nanyuki, ambayo reli yake ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2020, au ile ya Kisumu iliyorudi Desemba 2021. Nilizifurahia zote mbili. Nimeipanda ile ya Nanyuki na familia, watoto wakala mahindi ya kuchoma dirishani mpaka Murang'a. Lakini treni inayopita siku chache za wiki ni treni ya kwenda kuona wazazi. Haimsaidii mtu wa Murang'a kufanya kazi Thika. Magazeti yakiandika kwamba reli imefufuka, someni mpaka mahali walipoandika ni mara ngapi kwa wiki.

MwenyeCoaster

Naheshimu michango yote, lakini naomba mniruhusu niwe mbaya wenu kidogo. Nina Coaster mbili zinazofanya kazi kati ya Mlandizi na Mbezi, kwa hiyo ndugu wa Soga ni mteja wangu, au wa mwenzangu.

Mzee anasema treni ilale Ruvu na kuondoka saa kumi na moja. Sawa. Itaingia mjini imejaa. Je, itarudi na nani? Saa mbili asubuhi hakuna mtu anayetoka Kariakoo kwenda Soga. Mabehewa sita yatakaa juani mpaka saa kumi jioni, dereva analipwa, gadi analipwa, halafu yatarudi yamejaa mara moja tu. Coaster yangu hufanya safari nyingi kwa siku, na ikikosa watu Mlandizi naipeleka njia nyingine kesho yake. Treni haina njia nyingine. Tena mimi nashusha abiria anapotaka, wakati stesheni ya Soga iko kilomita kadhaa kutoka kwa wengi wanaosema wanaishi Soga, na bodaboda wa kuwafikisha pale analipwa vilevile.

Mkinijibu kwamba serikali itoe ruzuku, nitauliza kwa nini mimi nisipewe ruzuku hiyo. Sina ugomvi na treni. Nina ugomvi na hesabu zinazosahau safari ya kurudi tupu.

GadiMstaafu

Mwenye Coaster amesema kweli, na nisingependa apuuzwe. Treni ya asubuhi na jioni peke yake haijilipi, na hata enzi zetu haikujilipa. Ilibebwa na mizigo. Ndiyo maana treni nyingi za stesheni ndogo zilikuwa na mabehewa ya abiria mbele na ya mizigo nyuma.

Lakini yale mabehewa si lazima yakae juani. Dar es Salaam kuna mfano ambao haukuhitaji mzungu wala mkopo. Mwezi Oktoba 2012, Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianzishwa treni za ndani ya jiji: moja kutoka Ubungo Maziwa mpaka Stesheni, kwenye tawi lililokuwa likitumika kwa mizigo, na nyingine ya TAZARA mpaka Mwakanga. Watu waliiita treni ya Mwakyembe, na jina likabaki. Mwaka 2016 ikaongezwa ya Pugu, inayopita Vingunguti, Karakata na Gongo la Mboto. Mabehewa yalikuwa yaleyale makuukuu yaliyofanyiwa matengenezo. Wakati ule nilikuwa naishi Gongo la Mboto, na siku ya kwanza nilikwenda stesheni kutazama tu, nikakuta mama wa vitumbua amekwisha weka jiko lake pale kabla hata ya mkata tiketi kufungua dirisha. Nikajua abiria wapo.

Sasa treni iliyolala Ruvu ikifika mjini asubuhi, iongezwe katika kazi ya Pugu mpaka alasiri, halafu ndiyo irudi Ruvu na watu wake. Hapo safari tupu inapungua. Haitoweki, lakini inapungua. Na Coaster zako, mwanangu, hazitakosa kazi: mtu wa kumtoa Visiga au Mlandizi mpaka stesheni alfajiri atahitajika kuliko anavyohitajika leo.

Kokotoo

Kwa swali la ruzuku, jibu langu ni kwamba Mwenye Coaster anaipata tayari, ila haiitwi ruzuku. Barabara ya Morogoro hakuijenga yeye. Analipa kodi kwenye mafuta, ni kweli, lakini treni inatakiwa kubeba gharama ya mataruma, kokoto na madaraja yake ndani ya tiketi yake. Reli ya zamani kutoka Dar mpaka Isaka, kilomita 970, imekwisha kukarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Gharama hiyo imeingiwa, treni ya Ruvu iwepo au isiwepo, kwa hiyo kinachotakiwa kuhesabiwa ni kichwa, mabehewa, mafuta na watu tu.

MkaziWaSoga

Nawashukuru nyote. Mzee wangu Gadi, shikamoo, na ahsante kwa habari ya tenga la mafundo matatu. Nimemsomea mke wangu, ambaye bibi yake alitoka Kidugalo.

Mwenye Coaster amenigusa aliposema kwamba wengi wanaosema wanaishi Soga hawaishi stesheni. Nimeanza kulihakikisha mwenyewe. Jana na leo nimesimama kwa bodaboda wetu kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili alfajiri, nikihesabu wanaokwenda barabarani kupanda gari na kuwauliza wanatoka upande gani. Jana nilipata 63, leo 71, na zaidi ya nusu wanatoka karibu na stesheni kuliko barabara kuu. Hiki ni kijiwe kimoja tu. Kama kuna anayeishi Ruvu, Kwala au Pugu anayeweza kufanya hivyo kwa siku tano mfululizo za wiki ijayo, tuunganishe daftari zetu tuzipeleke kwa diwani zikiwa na tarehe na saa. Mzee Gadi, ukiwa na nafasi, naomba utuandikie ratiba hiyo ya treni inayolala Ruvu, stesheni kwa stesheni, kama ulivyokuwa ukiiandika kazini.

GadiMstaafu

Marahaba, mwanangu. Nitaiandika. Ila saa kumi na nusu umechelewa kuanza kuhesabu. Wauza mboga hupita saa tisa.